Hifadhi ya Labrador, Singapore: uanzie wapi, utaona nini, na nini kimefungwa

Mgeni anayefika Singapore kwa siku mbili tatu huzunguka Marina Bay, Sentosa na maduka ya Orchard, kisha anarudi uwanja wa ndege. Labrador haimo kwenye mzunguko huo, na ndiyo maana pametulia. Ni rasi ndogo yenye kilima cha msitu kusini mwa kisiwa, inayotazamana na Sentosa ng'ambo ya mkondo mwembamba wa bahari. Juu ya kilima na chini ufukweni kuna mabaki ya ngome ya Waingereza iliyolinda mlango wa magharibi wa bandari ya Keppel. Kiingilio ni bure. Hakuna tiketi, hakuna foleni, hakuna mtu wa kukuandama akikuuzia kofia.

Kwa matembezi ya pwani tunaipa Labrador nyota nne na nusu kati ya tano. Kwa historia ya vita, tatu, ingawa mtu aliyejiandaa kabla ya kwenda atapata za nne. Tatizo ni kwamba mabaki yametawanyika, na vibao vya maelezo vinaeleza kitu kimoja kimoja bila kukupa mfuatano. Ukiingia kwa upande usiofaa utaona ukuta hapa, kibanda cha zege pale, mzinga kule juu, na utaondoka hujui vilihusiana vipi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tathmini hii ni njia ya kupitia na namna ya kuyasoma mabaki hayo.

Kufika

Treni inakufikisha karibu kabisa. Shuka kituo cha Labrador Park, CC27, kwenye njia ya Circle. Kutoka HarbourFront, ambako njia ya North East inaishia, ni vituo viwili tu. Kutoka uwanja wa Changi, badili Tanah Merah upande njia ya East West, teremka Buona Vista, kisha chukua Circle kuelekea HarbourFront na uhesabu vituo vitano: one-north, Kent Ridge, Haw Par Villa, Pasir Panjang, halafu Labrador Park. Nauli haifiki dola 3 za Singapore. Kadi ya benki ya Visa au Mastercard yenye alama ya kugusa inafungua geti moja kwa moja, ila kadi ya benki ya nje huenda ikakatwa ada ya ziada. Mkiwa wawili, kila mtu agonge kadi yake. Kadi moja haipitishi watu wawili.

Wanaokwenda kwa teksi au kwa Grab, programu ya simu ya kuita gari, hukosea jambo moja mara kwa mara: wanaandika "Labrador Park" na dereva anawashusha kituo cha treni. Si hasara, kwa sababu njia nzuri inaanzia hapo hapo. Lakini ukiwa na mzee, mtoto wa kubebwa au kiti cha magurudumu, mwambie dereva aingie Labrador Villa Road hadi maegesho ya magari ndani ya bustani. Barabara hiyo inaishia huko. Maegesho ni ya kulipia.

Eneo la hifadhi lenye msitu hufunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 1 jioni. Saa zetu za Kiswahili zinakaa vizuri sana Singapore, maana jua huchomoza karibu na saa 1 asubuhi na kuzama saa 1 na kitu jioni, mwaka mzima. Mtu anayetaka machweo baharini abaki kwenye njia ya chini ya ufukweni, asipande ngomeni saa hizo.

Anzia kwenye mikoko

Ukitoka kituoni, usifuate barabara. Tafuta njia ya mbao ya Berlayer Creek, ambayo inaanza pembeni ya kituo na kufuata kijito hadi karibu na mdomo wake baharini. Urefu wake ni mita 960. Ni tambarare, ina vikingio pembeni, na sehemu kubwa iko kivulini. Hiyo ndiyo faida ya kuanza huku: unatembea kilomita nzima bila jua la utosini, na unafika ufukweni ukiwa bado na nguvu za kupanda kilima.

Mikoko iliyobaki kusini mwa Singapore ni michache mno, na hapa wamehesabu aina 14 za mikoko ya kweli. Mtu wa Lamu, Pangani au Kilwa hatahitaji kibao kutambua mizizi ya mkoko wenyewe inayoshuka kama miguu na vijiti vya kupumulia vya jamaa za mchu vikichomoza kwenye tope. Kitakachomshangaza ni udogo wa msitu. Kijito ni chembamba, upande wa pili unasikia magari, na bado kuna kaa wenye gando moja kubwa, vitongo wanaorukaruka topeni na mdiria wa rangi ya buluu akikaa juu ya tawi akisubiri. Ukitaka kuona kaa na samaki hao, nenda maji yakiwa yametoka. Maji yakijaa utaona majani tu. Jedwali la kujaa na kupwa linapatikana bure mtandaoni, na dakika mbili za kulitazama usiku wa kuamkia safari zinabadilisha kabisa utakachokiona.

Jihadhari na mbao zikilowa. Baada ya mvua zinateleza, hasa penye kivuli kizito ambako hazikauki upesi. Kandambili ziache hotelini. Viatu vya mpira vyenye meno vinatosha.

Karibu na mdomo wa kijito kuna njia panda. Upande mmoja unakwenda njia ya mbao ya Bukit Chermin, inayopita juu ya maji kwa mita 330, kuelekea majengo ya makazi ya Keppel Bay. Upande mwingine unaingia Labrador. Ingia Labrador kwanza. Bukit Chermin iwe njia ya kuondokea, tutaifikia.

Ufukweni: vitu vitatu, kimoja tu ni cha vita

Cha kwanza kitakachovuta macho ni mnara mwekundu mdogo wa kuongozea meli, uliojengwa mwaka 1930. Watu wengi hudhani ni sehemu ya ngome. Sivyo. Kazi yake ilikuwa kuongoza meli zinazopita mlango huu, na unapendeza kwa picha, hasa asubuhi jua likiwa nyuma yako.

Karibu nao kuna nguzo ndefu ya jiwe. Hii ni nakala ya jiwe ambalo mabaharia wa Kichina walilijua kama Long Ya Men, lango la meno ya joka, na walilitumia kama alama ya kuingilia mkondo huu karne nyingi kabla ya Waingereza. Jiwe la asili lililipuliwa mwaka 1848 ili kupanua njia ya meli. Nakala iliwekwa mwaka 2005, wakati wa kuadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya Zheng He, yule amiri ambaye meli zake baadaye zilifika hadi Malindi. Kwa hiyo ni ukumbusho wa karne ya 21 wa kitu kilichoharibiwa karne ya 19. Piga picha, soma kibao, endelea.

Cha tatu ndicho cha vita: kibanda cha zege cha bunduki ya rashasha, kimekaa chini kabisa karibu na maji. Wageni wengi hukipita bila kukitazama kwa sababu ni kidogo na hakina mapambo. Kipe dakika tano. Simama mbele ya tundu lake na ugeuke uangalie bahari kama anavyoangalia mtu aliye ndani. Utaona kwamba tundu halikukusudiwa meli kubwa. Urefu wake kutoka ardhini na upana wake vimepangwa kwa ajili ya mashua na watu wanaoruka majini kukimbilia ufukweni. Ukuta ni mnene upande wa bahari, na mlango uko nyuma. Huo ndio ufunguo wa kuelewa ngome nzima: mizinga mikubwa juu kwa ajili ya manowari za mbali, rashasha chini kwa ajili ya yeyote atakayeponyoka mizinga hiyo akafika karibu.

Tazama pia ng'ambo. Kilima cha kijani unachokiona ni ncha ya Sentosa, kisiwa ambacho wakati wa vita kiliitwa Blakang Mati, na hapo juu ndipo ilipo ngome ya Siloso. Siloso na Labrador zilifanya kazi pamoja. Meli inayoingia kutoka magharibi ilikuwa lazima ipite katikati, na ingepigwa kutoka pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ukisimama ufukweni hapa ndipo unaelewa kwa nini Waingereza walichagua rasi hii karne ya 19: mkondo ni mwembamba kiasi kwamba meli za leo zinapita ukiwa unasoma majina yake kwa macho matupu.

Kuogelea, hapana. Sehemu kubwa ya ufukwe ni ukuta wa kuzuia mawimbi, meli hazikatiki, na ufukwe wa mawe ulio chini ya jabali unalindwa kwa sababu ni wa mwisho wa aina yake kwenye kisiwa kikuu. Penye uzio usivuke. Wanaovua kwa ndoano hukaa gatini, na ukipita nyuma yao angalia mtu anayerusha mshipi.

Juu kilimani

Kupanda si kazi kubwa, lakini kuna ngazi, na unyevu wa hewa unamchosha hata aliyezoea joto la Dar es Salaam. Pumzika chini kwanza, kunywa maji, ndipo upande.

Mabaki ya lango la zamani la ngome ndiyo yaliyotupendeza kuliko yote. Ni ukuta wa karne ya 19 uliobanwa na mizizi ya mti wa jamii ya mtini, mizizi ikiteremka juu ya mawe na kuingia kwenye nyufa. Hapa hakuna sanamu wala rangi mpya. Sogea karibu uone jinsi mizizi midogo ilivyoingia kwenye viungo vya mawe na kuvisukuma, na wakati huo huo mizizi minene imeyafunga mawe yale yale yasianguke. Ukikata mti, ukuta utabomoka. Ukiuacha, utaendelea kupasuka polepole. Usiuegemee na usipande juu yake kwa ajili ya picha.

Kisha ndipo mizinga. Ngome hii, iliyoitwa Fort Pasir Panjang, katika vita vya pili vya dunia ilikuwa na mizinga miwili ya inchi 6, yaani mdomo wa milimita 152. Kombora lake lilikuwa na uzito wa kilo 45 hivi, karibu na gunia dogo la mahindi, na lilibebwa na watu, si mashine, katika hatua ya mwisho ya kulitia mzingani. Kwenye mzinga ulioko leo wamesimamisha sanamu za wapiga mzinga wakiwa kazini, na hizo sanamu zinasaidia. Kazi ilikwenda hivi: kombora linapandishwa kutoka ghala la chini, linasukumwa ndani ya mzinga kwa mti mrefu, baruti iliyofungwa kwenye mfuko inafuata nyuma yake, mlango wa chuma unafungwa, kiwashio kinatiwa, mtu anarudi nyuma na kuvuta kamba. Kombora na baruti havikukaa ghala moja. Ukiona vyumba viwili vilivyotengana chini ya jukwaa la mzinga, sababu ni hiyo: cheche moja ikiingia upande wa baruti isichukue na makombora.

Maghala ya ngome za Waingereza za karne ya 19 yalikuwa na ujanja mwingine ambao watalii huupita. Taa haikuingizwa chumba cha baruti. Iliwekwa kwenye kijidirisha chenye kioo, na mtu wa taa aliifikia kupitia njia ya pembeni, hivyo mwanga ukaingia bila moto. Ndiyo maana ndani ya ngome za aina hii utakuta vishubaka vya ukutani vinavyoonekana havina kazi. Ukishajua hilo, utavitafuta.

Na hapa kuna dosari ya kusema wazi. Vibao havimsaidii mgeni vya kutosha kutofautisha kilichokuwapo mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Singapore, na kilichowekwa baadaye kwa maonyesho. Usidhani kila chuma unachokigusa kilipiga risasi vitani. Zege, kuta, majukwaa na vibanda ndivyo vya asili. Sanamu na mpangilio wa mizinga ni maonyesho. Aliyezoea Fort Jesus ya Mombasa, ambako mizinga ya meli za Königsberg na Pegasus ni ile ile iliyokuwa melini mwaka 1914, ataiona tofauti hiyo haraka.

Hadithi ya mizinga iliyotazama upande usiofaa

Kila anayekuja hapa huwa amesikia kwamba Singapore ilianguka kwa sababu mizinga yake yote ilitazama baharini, Wajapani wakaja kwa nyuma. Labrador ni mahali pazuri pa kuirekebisha hadithi hiyo, na kwa bahati mbaya vibao haviifanyi kazi hiyo ipasavyo.

Ni kweli kwamba ngome ilijengwa kwa ajili ya adui wa baharini. Ni kweli pia kwamba Wajapani walivuka mlangobahari wa Johor kutoka kaskazini, usiku wa tarehe 8 Februari 1942. Lakini mizinga ya Labrador iliweza kugeuzwa, na iligeuzwa. Jeshi la Japani la Divisheni ya 18 lilipokuja likifuata mwambao wa Pasir Panjang, mizinga hii ilipiga kuelekea nchi kavu kuwasaidia askari wa kikosi cha Wamalei waliokuwa wameshika vilima. Ubaya ulikuwa kwenye ghala. Makombora mengi yalikuwa ya kutoboa chuma cha manowari. Kombora la namna hiyo hupenya ndani kabla ya kupasuka. Likipiga udongo laini linazama na kupasukia chini, na askari aliyelala mita chache pembeni anaweza kunyanyuka mzima. Kwa askari wa miguu unahitaji kombora linalopasuka juu na kutawanya vipande, na hayo yalikuwa machache.

Mapigano makali ya vilima yalikuwa tarehe 13 na 14 Februari. Luteni Adnan Saidi na kikosi chake cha Wamalei walishika kilima cha Bukit Chandu hadi wakaishiwa, naye akauawa tarehe 14. Siku iliyofuata, tarehe 15, Singapore ikasalimu amri. Mkasa wote huo ulitokea ndani ya umbali ambao leo unautembea asubuhi moja, lakini ukiwa ngomeni hutauona ukielezwa kwa kina. Mwenye kutaka sehemu hiyo aende Reflections at Bukit Chandu, nyumba ya makumbusho iliyoko Pepys Road, kituo kimoja cha treni nyuma, Pasir Panjang, kisha kupanda kilima kwa miguu. Angalia kwanza siku wanazofungua.

Kuna kisa kimoja ambacho kibao chochote hapa kingeweza kukitaja, nacho kinamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Singapore ilipoanguka, Waingereza walipoteza kambi yao kuu ya wanamaji upande huu wa dunia. Meli zao za mashariki zilikimbilia Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Wajapani waliposhambulia Colombo na Trincomalee mwezi Aprili 1942, zikarudi nyuma zaidi hadi Kilindini. Wataalamu wa kuvunja siri za mawasiliano ya Japani, waliokuwa wakifanya kazi Singapore, nao wakaishia Mombasa, katika shule ya Allidina Visram. Miaka miwili baadaye safari ikageuka, ikawa ya kwenda mashariki: meli ya Khedive Ismail iliondoka Mombasa mwezi Februari 1944 ikipeleka askari Colombo, miongoni mwao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki wa kikosi cha 301, na ikazamishwa na nyambizi ya Japani tarehe 12 Februari karibu na Maldives. Waliokufa ni watu karibu 1,300. Wengine waliotangulia na waliofuata walipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ukisimama kwenye jukwaa la mzinga la Labrador ukatazama magharibi, mkondo ule ule unafungukia bahari iliyowapeleka.

Mahandaki

Swali linaloulizwa kuliko yote ni kuhusu mahandaki ya siri. Yapo. Yaligunduliwa upya mwaka 2001 na kufunguliwa kwa wageni mwaka 2005, lakini yamefungwa kwa miaka mingi. Picha za ndani unazoziona mtandaoni ni za zamani. Ukipanda hadi mlangoni utakuta chuma kimefungwa. Usipange safari kwa ajili yake, na usimwahidi mtoto. Mwenye kiu ya kuingia chini ya ardhi aelekee Siloso, ambako baadhi ya vyumba na njia za ngome vinatembelewa.

Vinavyoharibu safari, na kinga yake

Jua la saa 6 hadi saa 9 mchana ndilo la kwanza. Njia ya ufukweni ina miti lakini si kila mahali, na zege la ngome hurudisha joto. Fika saa 1 na nusu asubuhi, uwe umemaliza saa 4 na nusu. Au ingia saa 10 jioni na upande ngomeni kwanza kabla haijafungwa, halafu uteremke ufukweni. Zamu ya jioni inageuza mpangilio tuliouelekeza, lakini ni lazima.

La pili ni mvua. Novemba hadi Januari hunyesha zaidi, na miezi mingine radi za alasiri ni za kawaida. Ngurumo ikisikika uko kwenye njia ya mbao au juu ya kilima, usijibanze chini ya mti. Rudi kituoni au kwenye banda lenye paa karibu na maegesho. Mvua hizo kali kwa kawaida hazikai, subiri.

Maji: lita moja kwa mtu, na chupa ya pili kwenye mfuko kama mna watoto. Usitegemee kukuta duka ndani. Vyoo vipo upande wa maegesho, visafi. Dawa ya mbu ni muhimu kwenye mikoko, hasa asubuhi na jioni. Paka kituoni kabla ya kuingia, si baada ya kuumwa.

Sheria zao si mapambo. Sigara haziruhusiwi kwenye bustani za umma na hifadhi, na sigara za kielektroniki zimepigwa marufuku nchi nzima, hata kuwa nayo mfukoni ni kosa. Kulisha wanyama kuna faini. Drone usirushe bila kibali. Kenge akivuka njia, simama apite. Hana haraka, na hakudhuru usipomzuia. Kindi wanaoruka juu ya meza wamezoea watu, lakini mkate wako ubaki kwenye mfuko.

Kwa kiti cha magurudumu au gari la mtoto, njia ya mikoko na ufukwe vinapitika vizuri. Ngomeni juu, la. Familia zinaweza kugawana: mmoja abaki chini kwenye meza za ufukweni na watoto wadogo, mwingine apande na wakubwa. Watoto wasiachwe peke yao kwenye majukwaa ya mizinga; kingo ni za zege gumu, hata pale ambapo kina ni kifupi.

Mzunguko wote, kwa mwendo wa kawaida na kusoma vibao, unachukua saa mbili na nusu hadi tatu. Anayekimbia kimbia atamaliza kwa saa moja na nusu, ila ngome ataipita tu.

Kuondoka

Rudi kwa Bukit Chermin badala ya mikoko. Njia hiyo ya mbao inakupitisha juu ya maji, mkono mmoja bahari na mwingine kilima chenye majumba ya zama za kikoloni, kisha inakutoa Keppel Bay. Haina kivuli kirefu, kwa hiyo saa 5 mchana itakuchoma. Asubuhi au jioni ni raha. Kutoka Keppel Bay unatembea au unapanda basi hadi HarbourFront. Pale kuna jumba la maduka la VivoCity kwa anayetaka kiyoyozi, lakini kwa tumbo na mfuko tunapendekeza Seah Im Food Centre karibu na kituo: wali, mchuzi wa nyama, samaki wa kukaanga na pilipili ya Kimalei. Vibanda vya Waislamu vinatambulika kwa cheti cha halali kilichobandikwa mbele. Lipa kwa fedha taslimu ndogo ndogo, kwani si kila kibanda kinapokea kadi ya nje.

Mwenye nguvu za alasiri avuke Sentosa apande ngome ya Siloso. Kuingia ni bure nako, na daraja lake la juu, linalopita juu ya msitu kwa mita 181, lina lifti. Ukiwa huko, tafuta upande unaotazama bara na uione Labrador kutoka upande wa pili wa mkondo. Mnara mwekundu ndio utakaokuonyesha ilipo.